MBWA WA MUGUU ULIOPOOZA: NAMNA YA KUMUSAIDIA ATEMBEE



Tangu mwanzo wa periodi ya pili kuna ulizo moja linarudi kila siku mu dortwari, mu jiko na hata ku mulango mukubwa: tutafanya nini na mbwa wa mulinzi wetu wa usiku? Habari yenyewe kila mutu anaijua. Pikipiki ilimugonga ku barabara, vidonda vikapona, lakini muguu wa nyuma wa kuume haukurudi. Anaukokota kama kamba. Wamoja wanasema: "Mumuue tu, anateseka bure." Wengine wanasema: "Mumuache, mbwa ni mbwa, atajipanga mwenyewe."

Sisi wa komite ya interna tumeona kama maneno hayo yote mbili yanasemwa haraka sana. Tulimuuliza veterineri anayepita kuchanja nyama za vijiji hivi, tukaongea na mwalimu wetu wa biolojia, na tunaandika hapa yale tuliyojifunza. Yatawafaa hata ninyi munaofuga mbwa kwenu nyumbani.

Neno kubwa mulishike tangu sasa: mbwa anaweza kukosa muguu moja na kuishi vizuri, lakini hawezi kuishi vizuri na kidonda kisichopona. Karibu kazi yote ya kumusaidia ni kulinda ngozi ya muguu ule usiosikia, na kulinda nguvu ya miguu mitatu iliyobaki.

1. MBELE YA YOTE: JE, SI KICHAA CHA MBWA?

Mbele ya kutafuta kamba na dawa, tunapaswa kuuliza neno moja. Mbwa anayeanza kulegea miguu pasipo sababu inayojulikana anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ule ugonjwa wengi wanaita raje. Watu wanawaza kama mbwa wa raje ni yule tu anayekimbia na kuuma kila mutu. Lakini iko namna ya pili, ya kimya: mbwa analegea, taya linaanguka, mate yanatoka, hawezi kumeza, na miguu inapooza. Mwenye mbwa anafikiri mufupa umemukwama mu koo, anaingiza mukono mu kinywa, na pale ndipo kifo kinamupata. Raje ikishaonyesha alama zake ndani ya mutu, karibu hakuna anayepona.

Basi, kama hakuna aliyeona ajali, musimuguse mbwa ule. Mumufungie mahali pamoja bila kumushika, na muite mukubwa na veterineri. Mbwa mwenye raje akishaanza kuonyesha alama, kwa kawaida siku 10 hazipiti bila kufa. Na kama mutu ameumwa, au mate yameingia mu kidonda chake, aoshe pale pale na maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende ku hospitali upesi kwa chanjo. Asingojee kuona kama mbwa atakufa. Chanjo ya kuokoa mutu aliyeumwa iko tangu 1885, wakati Louis Pasteur alipomuchanjisha kijana Joseph Meister kule Paris. Lakini inasaidia tu kama inatangulia alama za ugonjwa.

Kwa mbwa wetu, watu waliona ajali kwa macho, miezi mbili imepita, anakula, anameza, anamujua bwana wake, tena alikuwa amechanjwa. Kwa hiyo tunaweza kuendelea.

2. MUGUU UNAPOOZA NAMNA GANI?

Ubongo unatuma amri kupitia uti wa mugongo, na kutoka pale amri inapita mu mishipa ya fahamu mpaka ku misuli. Mushipa mukubwa wa muguu wa nyuma unatoka karibu na nyonga, unashuka nyuma ya paja mpaka ku vidole. Ukipondwa au ukikatika, misuli iko pale, mifupa iko pale, lakini amri haifiki tena. Ni kama redio yenye betri nzuri ambayo uzi wake umekatika.

Sababu ni nyingi: kugongwa, nyonga kuvunjika, au sindano iliyochomwa pabaya mu paja. Jambo hili la sindano linaonekana hata kwa watoto wa watu. Kama miguu yote mbili ya nyuma imepooza pamoja, mara nyingi ubaya uko mu uti wa mugongo, na hiyo ni mambo mazito zaidi.

Je, muguu unaweza kurudi? Inategemea mushipa umeumia namna gani. Kama umepondwa kidogo tu, nguvu inaweza kurudi kiisha majuma machache. Kama nyuzi zake za ndani zimekatika lakini ngozi yake ya inje imebaki nzima, nyuzi zinaweza kuota tena, lakini polepole, karibu milimita 1 kwa siku. Tufanye hesabu: toka mahali pa kuumia mpaka ku vidole, tuseme ni sentimita 30, ndiyo milimita 300. Hiyo ni siku 300, karibu miezi 10! Na misuli haingojei miezi 10 bila kukonda. Kama mushipa umekatika kabisa, hautarudi wenyewe.

Ndiyo maana anayesema "tungojee tu" anakosa. Kungojea ni vizuri, lakini mu siku zile za kungojea muguu unapaswa kutunzwa.

3. MAJARIBIO MATATU

Haya yafanywe na mutu ambaye mbwa amemuzoea, na mwingine amushike kichwa. Mbwa mwenye maumivu anaweza kuuma hata rafiki yake.

La kwanza: mbwa akiwa amesimama, mumushikilie chini ya tumbo, kisha mugeuze kanyagio la muguu mugonjwa, sehemu ya juu iguse udongo. Mbwa muzima anairudisha mara moja. Asipoirudisha, maana yake hajui tena muguu wake uko wapi, na akitembea ataukwaruza upande wa juu.

La pili: mufinye kidole cha muguu. Hapa watu wengi wanadanganyika. Muguu ukijivuta, hiyo peke yake haionyeshi kama mbwa amesikia, kwa sababu uti wa mugongo unaweza kuuvuta pasipo ubongo kujua. Muangalie kichwa: je, amegeuka? Amelia? Ametaka kuuma? Kama ndiyo, basi anasikia, na tumaini ni kubwa zaidi. Mbwa wetu anasikia kwa kidole cha ndani tu. Vile vingine viko kimya.

La tatu: muchunguze kama anakojoa sawasawa. Kama mukojo unatonatona saa zote, au siku nzima imepita bila kitu, ubaya umefika mahali pengine kuliko muguu. Mbwa wa namna hiyo anahitaji veterineri siku ileile.

4. HESABU YA MIGUU MITATU

Sababu gani mbwa anaweza kutembea na miguu mitatu wakati meza haiwezi? Kwa sababu uzito wake haukugawanywa sawasawa. Mbwa akisimama, karibu 60 kwa 100 ya uzito iko ku miguu ya mbele, na 40 tu ku miguu ya nyuma. Wale mbwa wa kuwinda wa inchi yetu, wasiobweka, ambao Wazungu wanawaita basenji, wana kilo karibu 10 au 11. Tuchukue kilo 10: mbele kunabeba kilo 6, nyuma kilo 4, ndiyo kilo 2 kwa kila muguu wa nyuma. Muguu moja ukikosa, ni kilo 2 tu zinatafuta mahali pengine pa kukaa. Mbwa anasogeza muguu muzima wa nyuma katikati, chini ya mwili wake, na anakwenda.

Toka hesabu hii kunatoka mambo mawili. Kwanza, musimunenepeshe. Tunajua ninyi wa zamu ya jiko, munamuonea huruma na kumumwagia bugali yote iliyobaki ku sufuria! Huruma ile inamuumiza, kwa sababu kila kilo inayozidi inabebwa na miguu mitatu. Mupitishe vidole ku mbavu zake: kama munazisikia chini ya ngozi bila kusukuma, anatosha.

Pili, muangalie mahali anapokanyaga. Sakafu ya sima yenye maji ni mutego kwa mbwa wa miguu mitatu. Mutandike gunia kuukuu mahali anapopita na anapolala. Kucha zake zikatwe ncha, maana kucha ndefu zinamutelezesha, na za muguu mugonjwa hazikwishi vizuri tena.

5. KULINDA MUGUU USIOSIKIA

Hapa ndipo kazi ya kila siku. Muguu unaokokotwa unakwisha sawa sabuni: kwanza manyoya, kisha ngozi, kisha nyama, mpaka mufupa. Kwa wale wanaotoka Goma, munajua namna majiwe ya lava ya Nyiragongo yalivyo, ile ya 2002 na ile ya 2021. Jiwe lile ni kama tupa. Juma moja linatosha kufungua kidonda.

Kiatu. Mutwae kipande cha mupira wa ndani wa kinga, kile mafundi wa barabarani wanatupa. Mukate kipande cha kufunika vidole mpaka juu ya kanyagio, mushone chini, na mutie kitambaa safi cha kotoni ndani ili jasho lisioze ngozi. Mufunge na ukanda mupana, hapana kamba nyembamba. Kidole chenu kimoja kipite chini ya ukanda ule. Muguu usiosikia hauwezi kulia: ukiukaza sana, damu inasimama, muguu unavimba na kuoza, na mbwa hatawaambia kitu. Kwa hiyo kiatu kinavaliwa wakati wa kutembea tu. Kila magaribi kinatoka, muguu unaoshwa, unakaushwa, na unaangaliwa katikati ya vidole.

Kamba ya kuinua vidole. Kama muguu unashikilia uzito lakini vidole tu vinapinduka, kuna ufundi mwepesi: mukate uzi wa mupira uleule, mufunge upande moja mbele ya kiatu, upande mwingine ku ukanda mupana uliozunguka juu ya kifundo. Mbwa akinyanyua muguu, mupira unavuta vidole juu, na kanyagio linatua sawasawa. Ni kama mushipa wa bandia.

Kidonda. Kikionekana, mukioshe na maji yaliyochemka na kupoa, yenye vijiko vidogo 2 vya chumvi kwa lita 1. Kisha mukifunike, maana nzi anaweka mayai mu kidonda na kesho kuna funza. Hapana kutia mafuta ya motere wala majivu. Tena hapana kumupa dawa za watu: parasetamoli na ibuprofeni, ambazo sisi tunameza kwa kichwa kuuma, zinaweza kumuua mbwa.

Kutafuna. Wakati mushipa unarudi, muguu unawasha, na mbwa wamoja wanautafuna mpaka damu. Mukiona vile, mumuvalishe ku shingo karto iliyokatwa kama lamba, mpaka kinywa kisifike. Lakini mumuvulie wakati wa kula na kunywa.

6. KIKWEMBE NA MAZOEZI

Mu siku za kwanza, au ku mulima, mbwa anachoka. Mutwae kipande cha kikwembe kuukuu, upana wa mukono moja, mukipitishe chini ya tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, na mushike ncha zote mbili juu ya mugongo. Mutu anatembea kando yake, ananyanyua kidogo tu. Musimubebe! Mbwa atumie nguvu yake, kikwembe kizuie tu asianguke. Kama ni dume, muangalie kitambaa kisikaze mahali anapokojolea.

Mara 3 kwa siku, mbwa akiwa amelala upande, mukunje na kunyoosha kila kiungo cha muguu mugonjwa, polepole, mara 10 mpaka 15: vidole, kifundo, goti, nyonga. Kazi hii hairudishi mushipa. Inazuia viungo visikauke na kubaki vimekunjamana, ili siku mushipa ukirudi, ukute muguu unaoweza kutumika. Kisha mukande misuli ya paja na kiganja. Maji pia yanasaidia: mbwa akisimama mu maji matulivu mpaka ku tumbo, maji yanamubeba, na muguu unajaribu kazi bila uzito. Dakika 5 zinatosha kwa kuanza, na mutu asimuache peke yake.

7. JE, MAGURUDUMU?

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walituomba ruhusa ya kumutengenezea chukudu. Mawazo ni mazuri, na tunawashukuru. Sisi watu wa Kivu tunajua mbao mbili na magurudumu mawili vinaweza kubeba nini. Hata ku Goma wamesimamisha sanamu ya chukudu. Na mu Kinshasa, wale waimbaji wa Staff Benda Bilili, waliopooza miguu kwa polio, walipanda kinga zao za magurudumu matatu, na santuri yao ya 2009 ikasikiwa mpaka Ulaya.

Lakini kwa muguu moja tu, gari si lazima. Mbwa mwenye miguu mitatu mizima akifungwa mu gari anaacha kutumia muguu muzima wa nyuma, na ule nao unakonda. Gari ni kwa mbwa ambaye miguu yote mbili ya nyuma imekufa, ao ambaye muguu wa pili umezeeka.

Kwa anayeihitaji, mambo ya kupima ni haya. Upana: nyonga yake na vidole viwili vya nafasi kila upande. Urefu: mugongo ubaki sawasawa kama alivyosimama zamani, usiinuke nyuma. Uzani: mbwa akiwa ndani, miti miwili ya mbele iwe miepesi ku mabega, isimukandamize. Tiyo za plastike zinatosha kwa mbwa mudogo, na magurudumu ya kinga ya mutoto. Siku za kwanza akae ndani dakika 15 tu. Ndani ya gari hawezi kulala, kwa hiyo musimuache mule peke yake, maana akipinduka mu mufereji hataamka.

8. KAMA MUGUU HAURUDI

Hapa tunajibu wale wanaosema aue. Kama miezi inapita, muguu hausikii kitu, na vidonda vinarudi kila mara, veterineri anaweza kuukata juu, ku paja. Wengi wanaogopa kusikia hivi. Lakini mbwa ambaye tayari alikuwa akitembea na mitatu, kiisha siku chache ao majuma machache anatembea mwepesi kuliko zamani, maana ameacha kukokota muzigo. Mbwa haoni haya kwa kilema chake. Haya ni ya watu.

Kuna wakati pia wa kumuachilia afe bila maumivu, kwa mukono wa veterineri, hapana kwa majiwe na fimbo. Ni wakati hawezi tena kukojoa, hataki kula, analia usiku na mchana, ao vidonda vimefika mufupa na hakuna wa kumutunza. Maneno yale ya mwisho muyasome tena: na hakuna wa kumutunza. Mara nyingi kinachomuua mbwa wa kilema ni watu kukosa kupanga kazi.

9. SASA, SISI WENYEWE

Tumesikia mutu mu kantine anauliza: "Watu wanakosa dawa, na ninyi munachunga mbwa?" Ulizo ni la haki, na tunalijibu na hesabu. Mpaka leo mbwa huyu ametugharimia sabuni, chumvi, kipande cha kikwembe na mipira ya kinga ya bure. Wakati anaohitaji ni karibu dakika 30 kwa siku, ukigawanya kwa watu 3. Na wale kati yetu wanaotaka kusoma uuguzi watakutana na watu waliopooza, na sheria ya kwanza kwao ni ileile: ulinde ngozi isiyosikia, ukunje viungo kila siku, usikaze kamba.

Muguu wa mbwa wetu haujarudi. Pengine hautarudi. Lakini tangu juma la tatu la zamu, kidonda cha juu ya kanyagio kimefunga, na usiku ule wezi walipopita nyuma ya bohari, ni yeye aliyebweka wa kwanza.

Zamu inaendelea mpaka mwisho wa mwaka: asubuhi wa mwaka wa tatu, saa sita wa mwaka wa ine, magaribi sisi wa mwaka wa mwisho. Shida inayobaki ni likizo kubwa. Interna itafungwa, sisi wa mwisho tutakuwa tumekwenda kwa egzamen ya Serikali na hatutarudi, na baba mulinzi atabaki peke yake na kazi yote. Tunaomba wanafunzi wane wanaokaa karibu na masomo waandike majina yao ku karatasi iliyobandikwa ku mulango wa biro ya disiplini. Tutawafundisha kazi yote mbele ya kwenda, ku jumamosi mbili zinazokuja, saa tisa, nyuma ya jiko.

Mutu anayekuja alete kipande cha mupira wa kinga.

Kwa komite ya interna,
KAPITA, mwaka wa mwisho